Ufunguo Wenye Plasta

Jumamosi, Butiama

Aibu zangu hizi! Ule ufunguo wa gari uliofungwa plasta nilimpa mama jana autupe, nikachongesha mpya Bunda, eti wakwe wa mdogo wangu wasitucheke.

Leo tumevaa, tumepanda, gari haiwaki. Nikampigia fundi, akacheka: "Chipu imebaki kwenye ule wa zamani. Bila hiyo gari haikutambui."

Mama akafungua fundo la kanga. "Mimi vitu situpagi."

Nikazungusha mpya, mjomba, mshenga wetu, akiusogeza ule wa zamani kwenye swichi. Ikawaka.

Kufika huku ukweni, mjomba akashuka nao mkononi. Baba mkwe akadhani tumemletea gari zawadi. Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Nani angemwomba aurudishe? Tunalala hapa.