Bodi Haikuwa na Kosa

KITUO CHA POLISI, SUBA KUSINI, KAUNTI YA HOMA BAY
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Helen Gati Maroa
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, kiranja wa maktaba
Makao: Bweni la shule, karibu na soko la Kisegi. Nyumbani ni Kehancha, Kaunti ya Migori
Tarehe: Jumatatu, 16 Juni 2025, saa mbili na nusu asubuhi
Aliyeandamana na shahidi: Bi. Dorah Maranga, mwalimu wa maktaba

Mimi ni msichana Mkuria mwenye jina na makao yaliyoandikwa hapo juu. Naanza na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote kabla ya leo asubuhi. Kwa siku kumi na mbili nilijua ni nini kilichokuwa kikiiangusha kompyuta ya maktaba yetu, na nikanyamaza. Fundi Caren Bonareri, ambaye mnamzuilia hapa tangu jana, hakujua. Nilimficha kwa makusudi.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025 radi ilipiga karibu na shule na kompyuta ya maktaba ikafa. Humo ndimo tunamoweka orodha ya vitabu vyote. Bw. Oyaro, naibu wa mwalimu mkuu, alimwita fundi kutoka mji wa Migori. Fundi huyo ni Dada Caren. Yeye ni Msabato, kwa hivyo Jumamosi hafanyi kazi. Alikuja Jumapili tarehe 18 Mei, saa nne asubuhi, wanafunzi wengine wakiwa kwenye misa. Mimi nilikuwa na ufunguo, kwa hivyo nilimfungulia na nikabaki naye.

Aliondoa bodi kuu iliyoungua, ile sahani ya kijani ambayo sehemu zote za kompyuta huchomekwa juu yake, akaweka mpya. Vitu vingine vilikuwa vya zamani, pamoja na vijiti viwili vya RAM, ambavyo ndivyo kumbukumbu ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi. Alinieleza kila kitu alichogusa. Aliniuliza ninasoma nini. Nilimwambia, naye akaniuliza kitabu hicho kinahusu nini, akangoja nimalize kujibu.

Naomba afande aandike jambo hili pia. Katika bweni letu wasichana huongea Dholuo na mimi naelewa kidogo tu. Si wabaya. Wakinikumbuka hugeuza wakaongea Kiswahili, kisha husahau. Tangu Kidato cha Kwanza sijawahi kuongea na mtu mmoja kwa saa tatu mfululizo. Siku hiyo niliongea.

Jioni ya tarehe 18 kompyuta ilijizima yenyewe. Skrini iligeuka buluu, ikatoa maandishi meupe, ikazimika; huko ndiko tunakoita kuanguka. Kesho yake ilifanya hivyo mara nne. Bi. Dorah alimpigia Dada Caren simu, naye akaomba kuongea na mimi. Alisema, "Helen, chukua daftari. Kila ikianguka andika saa, imekaa dakika ngapi, na ulikuwa unafanya nini. Usikisie. Andika tu." Nilianza kuandika siku hiyo. Daftari hilo nimelileta.

Jumapili tarehe 25 Mei alikuja akaweka programu endeshi upya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imezoea bodi ya zamani. Alipaka pia dawa ya kupoza juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Kompyuta ilikaa dakika arobaini ikaanguka. Jumapili tarehe 1 Juni alikuja na kisanduku kingine cha kuipa kompyuta umeme akakifunga. Ikaanguka tena. Dada Caren alikaa sakafuni akacheka. Alisema, "Hii mashine ni kama shemeji yangu. Ukimwangalia ni mzima, ukimpa kazi anaanguka." Nilicheka mpaka nikashika meza. Kabla ya kuondoka alinifundisha kufungua kifuniko na kugusa chuma kwanza ili nisichome kitu kwa umeme wa mwili. Akasema, "Fundi mzuri anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, hujui ni kipi kimekujibu."

Mnamo tarehe 4 Juni, Jumatano, saa kumi na dakika ishirini jioni, wenzangu walienda michezoni. Terry, tunayelala naye kitanda cha juu na cha chini, alipita dirishani akaniita binti wa Kikuria kwa Dholuo, akasema, "Nyar Kuria ameolewa na kompyuta. Mahari ililetwa lini?" Wengine wakacheka. Nami nilitabasamu. Walipoenda nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kifuniko, nikatoa kijiti kimoja cha RAM. Niliiwasha. Ilikaa dakika hamsini bila kuanguka. Niliizima, nikatoa kile kilichobaki ndani, nikaweka kile nilichokitoa kwanza mahali palepale. Ilianguka baada ya dakika kumi na nne. Nilikihamisha hadi tundu la pili. Ilianguka baada ya dakika tisa.

Hapo nilijua. Bodi mpya haikuwa na kosa. Radi ilikuwa imekijeruhi kijiti kimoja, nacho kikahamia kwenye bodi mpya pamoja na ugonjwa wake. Vijiti hivyo vinafanana kabisa, kwa hivyo nilitia nukta ya penseli kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kile kibovu.

Nilikuwa na furaha sana na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilienda hadi kwenye mlango wa ofisi ya Bi. Dorah ili niombe simu yake. Nikiwa pale niliwaza kwamba kompyuta ikipona, Dada Caren hatakuwa na sababu ya kuja Jumapili. Sikubisha hodi. Nilirudi, nikavirudisha vijiti vyote viwili kama vilivyokuwa, nikafunga kifuniko. Katika daftari siku hiyo sikuandika kitu. Ndiyo siku ya pekee isiyo na maandishi.

Jumapili tarehe 8 Juni Dada Caren alifika saa tatu na nusu. Alisema leo anajaribu RAM. Alikuwa ameketi sakafuni, ameingiza mikono ndani ya kompyuta, nami nimeshika vijiti, kimoja kila mkono. Alisema, "Nipe cha kwanza." Nilimpa kisicho na nukta. Tuliiacha saa moja nzima, haikuanguka. Alikitoa akanirudishia bila kugeuka, akasema, "Haya, lete hicho kingine." Nilinyoosha mkono uleule. Nilimpa kilekile.

Hakuangalia. Aliniamini.

Saa nyingine ikapita bila kuanguka. Kisha akaweka vyote viwili, ikaanguka baada ya dakika kumi na moja. Dada Caren alijipangusa uso na mgongo wa mkono. Alisema, "Unaona? Kila kimoja peke yake ni kizuri. Vikikaa pamoja inaanguka. Basi ni bodi. Wameniuzia bodi mbovu." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilichompa mimi ndicho kilichokuwa cha uongo.

Alimweleza Bw. Oyaro kwamba bodi ni mbovu na kwamba ataipeleka dukani Migori abadilishiwe, aje na nyingine kufikia Ijumaa. Aliifungua akaiweka ndani ya begi lake. Mimi nilimshikia begi. Nakiri kwamba nilifurahi, kwa kuwa nilihesabu angalau safari moja zaidi.

Kufikia Ijumaa tarehe 13 Juni hakuwa amefika. Jumamosi Bw. Oyaro alimpigia simu mara sita akaikuta imezimwa. Alipiga dukani Migori. Mwenye duka alisema aliiwasha bodi hiyo siku mbili mfululizo, ni nzima, na hawezi kuibadilisha. Nilikuwa nikipanga magazeti karibu na mlango wa ofisi ya walimu, na nilimsikia Bw. Oyaro akisema, "Bodi nzima anatuambia ni mbovu, anaondoka nayo, halafu anazima simu. Huyo si fundi, ni mwizi mwenye bisibisi." Mimi nilijua kwamba Dada Caren huzima simu Ijumaa kabla ya jua kutua, akaiwasha Jumamosi jioni. Aliniambia mwenyewe. Nilijua pia kwa nini bodi ilionekana nzima kule dukani. Mwalimu mmoja aliniuliza, "Unataka nini, Helen?" Nilisema sitaki kitu. Bw. Oyaro alikuja hapa kituoni kupiga ripoti siku hiyo.

Jana, Jumapili tarehe 15 Juni, saa nne kasoro dakika kumi, Dada Caren alifika getini kwa miguu yake. Nilimwona kupitia dirisha la maktaba lililokuwa wazi, linaloelekea getini. Bw. Oyaro alikuwa pale na maafisa wawili. Nilimsikia Dada Caren akisema, "Mwalimu, si nimekuja? Bodi ndiyo hii. Mwenye duka amekataa, nikasema nije tuangalie pamoja." Bw. Oyaro akasema, "Utaangalia na polisi." Alipoingizwa kwenye gari alitazama dirishani kwangu. Niliinama chini ya meza.

Usiku sikulala. Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi nilienda nyumbani kwa Bi. Dorah nikabisha hodi. Nilimwambia, "Madam, fundi hajaiba. Ni mimi." Alisikiliza yote akiwa amesimama na sufuria mkononi, kisha akasema, "Vaa sweta twende."

Kabla ya kuandikisha maelezo haya niliomba nimwone Dada Caren, na afande akaniruhusu dakika chache. Nilimwambia kama nilivyosema hapa. Kisha akauliza, "Hicho chenye nukta ulikijaribu kwa tundu ngapi?"

Nikasema, "Zote mbili."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na nne. Halafu tisa."

"Ulipima vizuri," akasema. Akaangalia ukuta. "Nimelala hapa, Helen. Mama yangu ameambiwa mimi ni mwizi. Enda uwaambie."

Nimesema nilichokijua na nilichokificha. Hakuna aliyenituma wala kunitisha.

Sahihi: H. G. Maroa

MAELEZO YA NYONGEZA, Jumanne, 17 Juni 2025, saa mbili asubuhi

Jana saa saba mchana tulienda maktaba: Konstebo Mochama, Bw. Oyaro, Bi. Dorah, Dada Caren na mimi. Dada Caren aliirudisha ileile bodi. Konstebo alinipa kazi ya kushika saa. Kwa kijiti kisicho na nukta kompyuta ilikaa saa mbili kamili. Kwa kijiti chenye nukta ilianguka baada ya dakika nane. Muda huo wote Dada Caren aliniambia neno moja tu, "Saa?", nami nikamsomea.

Bw. Oyaro alimwomba radhi. Dada Caren alisema, "Nimesikia, mwalimu." Alifunga kifuniko, akamwambia Konstebo, "Hii imepona. Itumieni na kijiti kimoja mpaka mpate kingine," akachukua begi lake. Saa kumi jioni aliondoka. Nilitaka kumsindikiza hadi getini lakini sikuitwa.

Walipotoka wote niliketi, nikawasha kompyuta, nikaendelea kuandika orodha ya vitabu. Niliandika mpaka kengele ya chakula cha jioni. Haikuanguka hata mara moja.

Sahihi: H. G. Maroa

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yote mawili, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu na mbele ya Bi. Dorah Maranga. Nimepokea kijiti kimoja cha RAM chenye nukta ya penseli na daftari moja la kurasa 48. Caren Bonareri Onyancha aliachiliwa tarehe 16 Juni 2025 bila mashtaka. Shahidi ameuliza kama daftari linaweza kupelekwa kwa Caren Bonareri mjini Migori jalada likifungwa. Nimemwambia nitauliza.

Konstebo Mochama