Nilivyosimamishwa Mbele ya Wageni

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Kisimani tangu alfajiri. Tope la kujengea linakunywa maji kama ng'ombe. Leo zamu ya jirani yangu Mama Tatu, tumempandishia msingi. Kwangu kuta zimekwisha, bado bati.

Kikundi chetu tunajengeana hivyo, kaya baada ya kaya, hapa Shanwe, Mpanda. Matofali tunafyatua na kuchoma wenyewe. Shirika la misaada linaleta saruji na bati. Kaya zote zina mwanaume isipokuwa yangu. Ikifika zamu yangu, waume za watu wanapanda kwenye ukuta wangu, wake zao wananitazama. Naona aibu hata kuwapa uji.

Jioni tukarudi jikoni. Ndiko tunakolala, jiko la nje la mwenye nyumba. Mimi, mwanangu Kalunde, na mdogo wake Nyamizi. Kalunde yuko darasa la tano. Madaftari yake yananuka moshi.

Jumatano, 11 Septemba

Kikao. Wageni wa shirika wanakuja keshokutwa kuamua kama wataleta bati za nyumba zilizobaki. Wanataka kumsikia mwanakikundi mmoja. Mwenyekiti wetu, Bwana Luhende, akaninyooshea kidole.

"Mama Kalunde ndiye ataongea. Hana mume, analala jikoni. Wakimsikia huyu, bati zinakuja. Au nyie mnaonaje?"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefua gauni la kijani. Nimeazima pasi ya mkaa kwa Mama Tatu. Maneno nimeyapanga. Nitaeleza tulivyochoma tanuri. Nitaeleza kwamba napepeta mchele pale mashineni na watoto wanasoma. Kuhusu baba yao nitapita haraka.

Shuleni Kalunde huwaambia wenzake baba yake anafanya kazi reli, Kaliua. Ukweli baba yao yuko Usevya, analima mpunga na mke mwingine. Nadhani Kalunde anajua. Hatujawahi kuliongea.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeaibika. Niandike tu.

Luhende aliliangalia gauni. "Hapana, mama. Ukivaa hivyo wataona una nafuu. Kavae za kazini."

Ningeweza kukataa. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikavua gauni, nikajifunga kanga iliyochanika, nikarudi.

Nikaanza na matofali. Luhende akanikatiza, "Waambie habari ya mume." Nikawaambia. Usevya, yule mwanamke, miaka yote hii bila hata salamu. Mama mmoja kati ya wageni akafuta machozi. Nikaona maneno yanaingia, nikaongeza. Nikasema wanangu wanalala na njaa.

Uongo. Wanakula kila siku, hata kama ni chenga za mchele za mashineni.

Nilipoinua macho nikawaona wanafunzi. Luhende alikuwa amewaita waje kuwaimbia wageni, hakuna aliyeniambia. Wamejipanga na sare zao. Kalunde mstari wa mbele.

Aliimba na wenzake. Midomo tu ilikuwa inacheza.

Jumapili, 15 Septemba

Kalunde hasemi na mimi. Ananiamkia, basi.

Baada ya misa mama mmoja alinipa mfuko wa unga mbele ya watu wote. "Kwa ajili ya watoto, jamani." Nikapokea. Ningesema nini? Kalunde akatangulia njiani, peke yake.

Jumatano, 18 Septemba

Amekataa kwenda shule. Wenzake wanamwita "Kaliua". Nilinyanyua mkono nimpige. Nikaushusha.

Akasema, "Kwa nini hukuwaambia tumefyatua matofali wenyewe? Mimi nimekanyaga udongo likizo nzima."

Nikamtuma maji.

Jumamosi, 28 Septemba

Bati zimefika. Za kaya zote. Mama Tatu alinikumbatia akilia, "Dada, mdomo wako umetuezeka." Watu walinishangilia barabarani. Nilitamani kujificha chini ya lori la bati.

Kalunde amerudi shule tangu Jumatatu. Alikwenda bila kuambiwa. Hajanieleza huko wanamwitaje sasa.

Jumapili, 6 Oktoba

Kukabidhiwa funguo. Yule mama mgeni aliyefuta machozi amerudi na kamera. Luhende akamtuma mtu kwangu asubuhi, nivae kama siku ile. Nikavaa gauni la kijani. Mama Tatu akanifungia vifungo.

Luhende alinuna. Mgeni akaniomba neno. Nikamvuta Kalunde. Nikasema, "Huyu ni mwanangu wa kwanza. Udongo wa nyumba hii kaukanyaga yeye. Matofali nimebeba mimi." Nikaishia hapo.

Habari ya njaa nilikusudia kuisahihisha. Mdomo haukufunguka. Yule mama ataondoka Mpanda na uongo wangu, atawasimulia wenzake. Ufunguo niliupokea bila kumwangalia usoni.

Kwenye picha Kalunde hakucheka. Ila alisimama karibu.

Jumanne, 8 Oktoba

Tumehamia. Vyombo vyetu vyote vimekwenda kwa safari moja. Ndani kunanuka saruji. Nyamizi anapiga kelele chumbani ili asikie sauti yake ikirudi.

Jioni nilikuwa nachambua maharage. Kalunde akaja kukaa, akashika ungo upande wa pili.

"Baba anajua tuko huku?"

"Hajui."

"Utamwambia?"

"Ukitaka wewe."

Akachambua kidogo, akatupa kijiwe nje.

"Ngoja kwanza," akasema.

Tukaendelea na maharage.