Bomba Lililonyamaza

Dada Leokadia,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, funga mlango. Nakuomba kwa jina la marehemu baba, haya yabaki kifuani mwako. Mama asiyajue, wala shemeji. Hamjambo huko? Kikohozi cha mama kimeisha? Migomba imeinuka baada ya upepo ule? Mimi ni mzima wa mwili.

Unakijua kiwanda ninachofanyia ukarani, cha kukamua mafuta ya pamba, njia ya Misungwi. Sikuwahi kukueleza habari za mnara wake. Uwanjani kuna vioo vingi vinavyogeuka vyenyewe kulifuata jua na kulirusha juu ya mnara, ambako mabomba membamba yamesimama sambamba kama fito za ukuta. Maji huingilia chini kwa bomba moja kubwa, yanagawanyika humo, yanatokea juu yakiwa mvuke. Fundi Masanja ndiye aliyeyagawa, kila bomba na koki yake. Aliwahi kuniambia, "Karani, maji hayana huruma. Yakiona njia ngumu yanapita kwingine, bomba linabaki kuungua peke yake."

Masanja alifariki kwa homa, nyumbani kwake, usiku wa siku aliyoipunguza koki ya bomba la pembeni. Hapa kiwandani wana desturi yao: alichokishika marehemu mara ya mwisho hakiguswi mpaka mjane amalize matanga, aje kukiachilia kwa mkono wake. Basi koki ikabaki hivyo hivyo, nusu imefungwa, na vioo vikaendelea kuchoma.

Bomba likaanza kugonga. Ko, ko. Kisha linaguna, hasa wingu likipita. Masanja alikuwa na mguno huo huo akipanda ngazi. Akina mama wanaochambua mbegu chini wakawa wanamwitikia.

"Pole na kazi, fundi!"

Ko.

"Mwanamume huyu! Hata kufa hajui kupumzika!"

Wanacheka. Mimi nilijua ni maji machache yanayochemka ndani. Nilijua, dada, lakini na mimi nikaanza kuitikia.

Ijumaa likanyamaza. Meneja akasema, "Haya, amepumzika," watu wakapiga vigelegele. Nikatazama juu. Bomba lile lilikuwa jekundu kama kaa, wenzake weusi. Mvuke ulikuwa umejaa ndani ukayafukuza maji yote kwenda kwenye mabomba mengine. Limekauka kabisa.

Sasa meneja amealika wageni wiki ijayo. Anataka mjane, Mama Sayi, apande mnarani saa sita mchana, vioo vyote vikiangalia juu, afungue koki mbele ya watu. Maji ya baridi ndani ya chuma kile! Kitapasuka, na mvuke utammwagikia usoni.

Fundi mpya hajaletwa, hivyo nilikwenda mwenyewe. "Bosi, tufanye alfajiri, bomba likiwa limepoa."

"Wageni waje kutazama vioo vilivyolala? Wewe ni karani. Kaandike mialiko."

Sikuandika. Nilikwenda kwa Mama Sayi nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo si yeye anayeniita?" Nikamwambia si yeye. Akanitazama kama mtu niliyemnyang'anya kitu. Lakini akanifuata, na sasa yuko chumbani kwangu. Bila yeye hakuna atakayethubutu kuigusa koki ile. Wanamtafuta. Jana meneja alinisimamisha getini akitabasamu: "Siku hizi unanunua samaki sato wawili, Domitila. Una mgeni?"

Njoo umchukue, dada, akae kwenu mpaka fundi aletwe. Barua hii anakuletea jirani anayepanda meli leo. Kwenye simu naogopa, kuta za hapa ni mbao.

Mama na shemeji waambie huyo ni rafiki yangu mfiwa, nami nina mafua tu. Nisalimie shemeji, na bibi anayenisukia mikeka, na mjomba Deogratias mwenye kahawa.

Ukishuka kwenye meli usiniulizie kiwandani. Njoo moja kwa moja mtaa wa Mirongo, kwenye duka la cherehani lenye mlango wa bluu. Chumba changu ni cha nyuma, chenye pazia la njano. Usibishe hodi kwa kugonga. Simama uani uite jina langu, mpaka nitoke mimi mwenyewe. Kila kinachogonga, Mama Sayi anakiitikia kama sauti ya mumewe. Leo mchana bati liligonga kwa joto la jua, nikamkuta ameshavaa viatu.

Mdogo wako,
Domitila