Simu ya Arobaini na Nne

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, yule uliyempachika jina la Daktari wa Betri. Mimi ni mzima, nakula vizuri na kulala vizuri. Sijui wewe na shemeji mnaendeleaje, na kama goti limeacha kukusumbua unapokaa kwenye cherehani. Mpe shemeji salamu zake kabla hujaendelea kusoma, maana baadaye huenda usitake.

Kazi inanipenda, na mimi naipenda. Zile simu arobaini na tatu ambazo wauguzi wetu huzunguka nazo majumbani mwa wagonjwa zote ziko mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayeamua programu gani iingie na ipi ikae nje. Muuguzi mmoja mtu mzima alinijia juu nilipomwondolea mchezo wake wa karata, akasema nina roho mbaya kuliko mama mkwe wake. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba simu yenye siri za wagonjwa si meza ya karata. Siku hizi akiniona kwenye korido ananikabidhi simu kabla sijaiomba.

Jumanne asubuhi nilikuwa napitia orodha kwenye kompyuta, nikakuta simu zinazofungua kumbukumbu za wagonjwa ni arobaini na nne. Nikahesabu tena. Simu moja isiyo ya muuguzi yeyote ilikuwa inapokea majina ya watu, maradhi yao na nyumba wanazokaa, miezi mitano sasa. Kanuni niliyoiandika mwenyewe inasema simu ya namna hiyo ifutwe papo hapo, maswali baadaye. Nikaifuta, pamoja na kila kitu kilichokuwamo. Kisha nikaenda kwa mkuu wetu, nikamweleza bila kupindapinda. Akauliza kosa ni la nani, nikasema ni langu. Akanipa onyo la maandishi, akaniambia nirudi kazini.

Dada, simu ile ni yako.

Ndiyo hiyo niliyokuwa nikifanyia kazi, nikakupa kwa mbwembwe zote nilipopewa mpya, nikasahau kuitoa kwenye orodha. Uliniambia inalialia na kuleta majina ya watu usiowajua, nikakucheka, nikasema ni matangazo tu, uyapuuze. Kwa hiyo acha kumgombeza yule muuza chaja unayedhani chaja yake ndiyo iliyofuta kila kitu, hana kosa. Nilijua ni yako nilipobonyeza. Sikukupigia kwanza kwa sababu ningesikia sauti yako ningelegea, na simu yenyewe hushinda mezani katikati ya wateja bila nambari ya siri. Hata leo ningebonyeza.

Ila vipimo vya wateja wako vyote vilikuwa humo, na aliyekushawishi utupe daftari ni mimi. Hilo linaniuma sana, na ninakuomba radhi.

Jumamosi nakuja. Tutapita kwa wateja mmoja mmoja, wewe ukipima na mimi nikiandika, tukianza na yule bibi arusi asiye na subira. Simu nitaitengeneza upya, na safari hii utaweka nambari ya siri utake usitake. Ukitaka kunifokea, nifokee, lakini ngoja shemeji atoke.

Nisalimie watoto, na majirani wasioniuliza nitaoa lini.

Ni mimi mdogo wako,
Daktari wa Betri

Daftari nimeshanunua. Lina jalada gumu, na ukurasa wa kwanza nimekuachia uandike jina lako.