Konokono Wako Alikuwa Mashoto Kweli

Koku rafiki yangu,

Sijui nianze na pole au na samahani. Pole tumepeana sisi tuliobaki, kwako sijui kama inafika. Basi naanza na konokono.

Jumamosi mama yako aliniita kwenu, hapa Kishanda. Tulisimama kibanjani, kwenye migomba karibu na kaburi lako, akanipa lile gamba lako la konokono limefungwa kwenye kitambaa. "Alipolazwa Bukoba na ile homa alisema nikupe wewe, mwanangu. Alisema uliangalie vizuri." Nikasema asante mama, basi.

Unakumbuka ulipolileta darasani? Uliliokota chini ya mgomba baada ya mvua. Ulilishika ncha juu, ukatuonyesha tundu anapotokea konokono. "Jamani, huyu mdomo wake uko kushoto. Ni mashoto kama mimi!" Mimi ambaye huwa siongei, siku hiyo nikafungua kitabu. Konokono wa kawaida kwenye picha naye mdomo ulikuwa kushoto. Nikasema, "Ni wa kawaida tu, huoni?" Darasa zima likacheka. Wakaanza kukuita Profesa Konokono. Ulicheka nao, lakini hukukaa tena nami saa ya uji.

Sasa nimeliangalia. Picha ya kitabuni ilichorwa ncha ikiwa chini, Koku. Ukigeuza kitabu juu chini, mdomo unahamia kulia. Wiki hii nimeokota konokono kumi na saba kibanjani kwetu, nikawashika wote ncha juu. Wote kulia. Wako peke yake kushoto.

Kinachonichanganya ni kwamba sijui nilijua lini. Jioni ile nilikifungua tena kitabu. Nakumbuka nilivyokifunga haraka, sikumbuki niliona nini. Nilipokuja kukuona hospitali tuliongea habari za mtihani na parachichi nililokuletea, basi. Kama nilijua, nilikuwa mwoga. Kama sikujua, kwa nini nilikifunga haraka? Nikijaribu kukumbuka, kila siku inakuja kumbukumbu tofauti.

Nimesoma pia kwamba konokono hawa kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, lakini bado anamhitaji mwenzake ili watage mayai. Wa mashoto mwili wake wote umepinda upande wa pili, hata moyo. Akikutana na wengine hawawezi kushikana vizuri, anaweza kuishi hadi mwisho bila kupata mwenza. Niliposoma hapo niligeuka nikuambie. Niligeuka kabisa, kichwa na mwili. Ungesema, "Maskini, mashoto mwenzangu," halafu ungeniuliza maswali ishirini ambayo nisingeyajua. Mpaka leo nikikutaja nasema "Koku ana," kisha najirekebisha, kisha sijui kwa nini najirekebisha.

Jumatatu kuna kipindi cha Biolojia. Nimemwomba mwalimu dakika tano. Nitaonyesha gamba, nitageuza kitabu, nitawaambia wewe ulikuwa sahihi na mimi ndiye niliyewafanya wakucheke. Wakiniuliza kama nilijua, nitasema sijui, maana huo ndio ukweli nilio nao.

Pumzika, Koku. Nakuahidi sitakaa chini kabla sijamaliza. Sauti ikigoma nitaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, wasome hata wa nyuma kabisa.

Alinda