Matopetope Yaliyovaa Soksi

Nyumba ya mwisho, nyuma ya karakana,
Jumapili, mtoto akiwa amelala.

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila usingizi mimi nausikia kwa majirani tu.

Bonge wako amegoma kula tangu nimwachishe ziwa. Uji anatema, ndizi anatupa, amekonda hadi jina lenyewe linaona aibu. Nimehangaika, wifi.

Sasa namshtaki mdogo wako. Ile miche miwili uliyotuachia, wa mstafeli na wa mtopetope, imekua, nayo inafanana kama ndugu wa tumbo moja. Ila jani la mstafeli ni pana, linang'aa. La mtopetope jembamba, limepauka. Mtopetope umetangulia kuzaa, na mdogo wako akashikilia kwamba huo ndio mstafeli.

Kila akitoka kuchomelea mageti yake, anapima matunda kwa futi. "Machanga haya, mama Bonge. Stafeli lazima lifike kichwa cha mtoto." Akayavika soksi za Bonge, ati popo wasiyaguse. Mtoto peku, matunda yana soksi! Nikisema topetope huishia ukubwa wa ngumi, ananiuliza miti nimesomea wapi.

Basi yakaiva, yakapasukia humo humo kwenye soksi. Yeye akaona ugonjwa. Jana akatoka na panga aukate mti kabla haujamwambukiza mwenzake.

Tukamkuta Bonge chini yake, anakamua soksi, uso mzima mweupe, anakula! Nikamrukia kumtoa mbegu mdomoni, maana zina sumu. Akalia, kumbe analilia lingine. Wifi, na mimi nikalia.

Baba mtu akalamba kidole. "Ala! Kumbe stafeli dogo ndilo tamu!"

"Liite hata papai," nikamwambia, "ila panga lirudi stoo."

Lilirudi. Lakini mstafeli wenyewe nao umeanza kuzaa, vitunda vichanga, vichungu, saizi ya ngumi, na leo nimemkuta na ndoo anataka kuchuma. Ati sasa saizi anaijua. Mwandikie wewe dada yake, mimi hanisikii. Barua hii naiandika nikiwa nimeikalia ngazi.

Nisalimie shemeji, pacha, na bibi mkwe. Mungu akulinde, akupe na pumzi ya kumgombeza huyu.

Wifi yako akupendaye,
Mama Bonge

Ukija, mletee mtoto soksi.