Muntu wa namna gani

Elisabethville, siku ya posho, 1961

Hasira haijanitoka, hata chakula imenishinda.

Leo nilienda na jirani yangu, mama Veronika, kuchagua malashi ya kuvaa ku ndoa ya mudogo wangu. Muzungu mwenye mangazini alitoa chupa tatu, akaniuliza kwa upole, "Madame, uko muntu wa namna gani? Malashi inapaswa kufanana na mwenye kuivaa."

Nilitaka kusema niko mupole, napenda kusoma, sipendi makelele. Veronika akanitangulia: "Huyu ni Mukasai. Umupe ile ya nguvu."

Miaka munane tunakaa mulango kwa mulango kule Makomeno. Siku nilizaa mutoto wa kwanza, yeye ndiye alimupokea.

Nilichagua ile nyepesi, yenye kunukia ndimu. Njiani nikamwambia, "Aliuliza tabia, weye ukataja kabila."

Akashangaa kabisa. "Ubaya ni nini? Siku hizi njo vile banaulizaka bantu wote."

Hakutaka kunitukana. Amezoea tu. Adui ningemujibu. Lakini rafiki aliyezoea, nitamufanya nini? Na mimi hapa, siku hizi sisi Bakasai tunafukuzwa, nitakaa mpaka lini?